"Karibu kwenye tovuti yetu" iondoeni

Ombi limekuja tena: ukurasa wa mwanzo uanze na aya nzima ya kumkaribisha msomaji, eti Mpwani hampokei mgeni bila karibu. Kweli, nyumbani. Mgeni wa nyumbani hupiga hodi mlangoni. Wa tovuti ametoka Google akatua ukurasa wa ndani, simu mkononi, anangoja matatu pale Buxton, Mombasa, na ana swali moja tu. Kumkaribisha ni kumjibu.

Tuseme mnauza safari za boti kutoka Shimoni kwenda Wasini kutazama pomboo. Sentensi ya kwanza itaje bei kwa kila mtu, saa ya kuondoka, na kama chakula na kiingilio cha hifadhi ya Kisite-Mpunguti vimo ndani ya bei hiyo. "Kampuni inayoongoza kwa huduma bora" ifuteni. Saa nazo: 8:30 ya ukurasa wa Kiingereza ni saa 2:30 asubuhi kwenye Kiswahili. Anayenakili tarakimu bila kuzigeuza anamkosesha mteja boti.

Sasa vichwa vidogo, ambavyo ndivyo vinavyoniudhi zaidi. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, alieleza jinsi macho ya watu 232 yalivyofuatiliwa wakisoma kurasa: mistari ya juu husomwa kwa upana, ya chini hupitiwa mwanzo wake tu, mfano wa herufi F. Basi tazameni tunavyoandika: "Maelezo kuhusu bei", "Maelezo kuhusu chakula", "Maelezo kuhusu usafiri". Jicho likishuka upande wa kushoto linaokota Maelezo, Maelezo, Maelezo. Neno lenye kazi limejificha nyuma ya "kuhusu". Litangulizeni: "Bei ya boti", "Chakula cha mchana", "Usafiri kutoka Mombasa". Msikate hadi libaki neno moja, maana "Bei" peke yake haimwambii kitu aliyetua katikati ya ukurasa.

"Bofya hapa" ina kasoro hiyo hiyo. Asiyeona hutumia programu inayoweza kumsomea viungo peke yake, na atasikia "bofya hapa" mara kumi. Kiungo kiseme "Weka nafasi ya boti".

Menyu ifuate maswali ya wateja, si idara za ofisi. Hilo ni rahisi kusema. Ugumu huanza kwenye neno lenyewe: huyu hutafuta "nauli", yule "bei", mwingine "charges". Wapeni wateja watano kadi zenye majina ya kurasa wazipange kwa makundi, na hata hao hawatakubaliana. Mimi huchagua "bei" kwenye menyu, "nauli" nikaiweka ndani ya aya, kisha hutazama maneno wanayoandika kwenye kisanduku cha kutafutia na kubadilisha tena.