Kibali cha maadili hakiombwi baada ya data, jamani

Juzi kaja dokta kijana ofisini, mvua ya Mbeya imemlowesha mpaka begi, hata chai hajanywa kashafungua laptopu ananionyesha data za mafaili ya wagonjwa wa kisukari, kazi nzuri kweli, meza zimepangwa na pepa ishaandikwa. Jarida limemrudishia linataka namba ya kibali. Akaniuliza, "Mama, si tunaomba tu sasa hivi?"

Hapana mwanangu. Na nimechoka kulisikia hili swali maana kila mwaka linarudi na kila mwaka kuna mtu analia.

Kamati ya maadili haipigi muhuri kazi iliyokwisha, inasoma andiko lako, yaani mpango wa utafiti wako, ili imlinde mgonjwa kabla hujamgusa, ndo maana Tamko la Helsinki, mwongozo wa dunia wa maadili ya utafiti wa tiba, linataka andiko lipite kwenye kamati kabla utafiti haujaanza. Sasa mgonjwa ulishamaliza naye, kamati imlinde na nini? Hakuna kibali cha tarehe ya nyuma.

Halafu wanasema "lakini mimi sijamchoma mtu sindano, ni mafaili tu". Faili lina jina, namba ya simu, kijiji, saa ingine na majibu ya VVU. Kamati inaweza kukuruhusu usimfuate mgonjwa mmoja mmoja kuomba ridhaa, sawa, ila anayeamua hivyo ni kamati, sio wewe na supavaiza wako mkiwa kantini. Na hapa Mbeya kamati ipo, huhitaji kupanda basi usiku kucha mpaka Dar kuiona.

Kuna wanaoazima namba ya kibali cha mwenzao. Msithubutu. Ile pepa ya daktari Mwingereza Wakefield iliyohusisha chanjo na usonji, jarida la Lancet waliitoa 1998 wakaifuta 2010, na moja ya sababu walizoandika wenyewe ni kwamba madai ya kuwa vipimo vya wale watoto vilipitishwa na kamati ya maadili yalikuwa ya uongo. Miaka 12 imepita na bado ilifutwa.

Yule dokta nilimwambia aende kamati aseme ukweli wote, na akiwa na swali jipya la utafiti aliandikie andiko upya. Aliinama tu. Iliniuma, maana uzembe haukuwa wake peke yake, aliyemsimamia alijua.

Mengine haraka haraka. Eti bosi lazima awe mwandishi kwa kuwa wodi ni yake: sio kweli, mwandishi ni yule aliyechangia kazi yenyewe, akashiriki kuandika au kuirekebisha pepa, akaipitisha ya mwisho na yuko tayari kuijibia. Bosi mshukuru mwishoni, inatosha. Eti ukituma pepa moja kwa majarida mawili kwa mpigo unaokoa muda: ukigundulika utakataliwa kote.

Na hii ya picha, eti ukimziba macho mgonjwa hajulikani tena. Nilishaonyeshwa picha ya mama mwenye uvimbe shingoni, macho yamezibwa kwa ule mstari mweusi, lakini kitenge chake kinaonekana, kovu la kidevuni linaonekana, na chini pameandikwa umri na kata anayotoka huko Rungwe. Majirani zake wangemtambua hapohapo. Mwonyeshe mgonjwa pepa yenyewe na picha ilivyo, kwa lugha anayoielewa, ndo asaini, na akikataa picha inatoka.