Magofu ya Claude Lorrain si nakala ya mahali
Wengi hudhani kwamba michoro ya karne ya 17 yenye wachungaji katikati ya magofu ya Kirumi inaonyesha mahali kama palivyokuwa. Claude Lorrain, mchoraji wa mandhari aliyefariki Roma mwaka 1682, kweli alikwenda mashambani kuchora miti na mwanga, lakini akirudi karakanani aliyahamisha majengo apendavyo: Tao la Konstantino, lango la ushindi la kale ambalo husimama mjini Roma kando ya uwanja wa michezo wa Koloseo, yeye aliliweka katika mandhari ya shamba, mbele yake ng'ombe. Ajabu ni kwamba ng'ombe ndio wenye ukweli zaidi, kwani Forum Romanum yenyewe, uwanja mkuu wa Roma ya kale, wakati huo ilikuwa malisho, ikiitwa Campo Vaccino, yaani uwanja wa ng'ombe.