Mji ukiwa mdogo, mpango wa nini?

Wengi husema: mji wenyewe una barabara moja na soko, acha ukue kwanza, mipango ya ardhi itafuata. Mambo ni kinyume kabisa. Mji mdogo ndio wenye nafasi ya kupanga, kwa sababu ardhi bado haijajengwa.

Chukua barabara ya upana wa mita 20. Kuitengea njia katikati ya mashamba kunahitaji mpimaji, vigingi na ramani inayoheshimiwa. Subiri nyumba zijipange pande zote mbili, njia ileile itadai fidia, kubomoa na kesi zisizoisha. Mkondo wa maji ya mvua nao ni hivyohivyo: ukishajengewa, maji hayahami, yanaingia sebuleni.

Mwaka 1811, New York ikiwa na watu wasiofika 100,000, wengi wao kusini mwa kisiwa cha Manhattan, ilichorewa mitaa hadi mtaa wa 155, mbali kabisa na nyumba za mwisho. Ila wapangaji walibania maeneo ya wazi. Kuanzia 1853 jiji likalazimika kutwaa ardhi ya Central Park, bustani kubwa ya umma, na watu wapatao 1,600 wakahamishwa.

Halafu kuna hofu kwamba mpango unasimamisha kila kitu. Kwa kawaida eneo lililotengewa shule huendelea kulimwa mpaka siku ya ujenzi. Kinachozuiwa ni nyumba ya kudumu, na ramani yenyewe hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa.