Kabla ya Kumkabidhi Farasi kwa Mkandaji

Wamiliki wa farasi wa mbio wa Ngong na wa polo wa Gilgil hutuuliza mara kwa mara mkandaji mzuri wa misuli ya farasi anajulikanaje. Sisi huwashauri wasikilize kwanza anauliza nini kabla hajamgusa mnyama.

Anayeijua kazi yake huuliza daktari wa mifugo alimpima farasi huyo lini na alisema nini, kwa sababu maumivu ya mgongo mara nyingi hayaanzii mgongoni: huanzia kwenye kwato, kwenye jino lenye ncha kali linalomfanya apindishe shingo anapopandwa, au kwenye tandiko lisilomkaa vizuri. Kisha humwomba saisi, yaani mtunzaji wa farasi, amtembeze na kumkimbiza mchakamchaka kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, na akiona anachechemea humrudisha kwa daktari bila kumkanda. Nchini Kenya, kutambua ugonjwa wa mnyama ni kazi ya waliosajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, chini ya sheria ya mwaka 2011. Anayedai kwamba pingili ya uti wa mgongo imehama naye ataisukuma irudi mahali pake, mwogope. Pingili hizo zimeshikwa na kano nene na kufunikwa na misuli mizito.

Akianza kazi, tazama mikono yake. Hutangulia shingoni, kiganja wazi, polepole, hadi pale tandiko linapoegemea, ambapo vidoa vya nywele nyeupe huonyesha kwamba farasi aliwahi kubanwa. Farasi anayelegea hushusha kichwa na kulamba midomo. Anayeumia hulaza masikio nyuma, hupiga mkia na kukaza tumbo, na hapo mkono unapaswa kupunguza nguvu. Anayetaka farasi abanwe pua kwa kamba ili atulie akandwe, mshukuru na umsindikize getini.

Muulize pia ni wakati gani hukataa kukanda. Ataje homa, uvimbe mpya na choa, ambacho huambukizwa kwa mikono na brashi. Ataje hasa farasi aliyetoka mazoezini akitokwa jasho jingi, misuli ya nyonga imekuwa migumu kama ubao na mkojo una rangi ya kahawa: huyo hakandwi wala hatembezwi, anaitiwa daktari mara moja.

Dawa ya kuchua nayo isipakwe kabla hujasoma kopo lake. Katika Olimpiki ya 2008, ambayo mashindano yake ya farasi yalifanyika Hong Kong, farasi kadhaa walikutwa na kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili kinachotiwa katika baadhi ya dawa hizo, wakaondolewa mashindanoni.

Mwisho, usilipie vipindi kumi kwa mkupuo. Lipia kimoja, mkandaji aandike ni wapi alikuta ugumu na upande gani, na nakala ibaki bandani kwa saisi, kwa kuwa yeye ndiye ampigaye farasi brashi kila asubuhi na ndiye atakayeona kama bado anashtuka akiguswa palepale.