Chupa Moja tu: Kupanda na Mvinyo Wako Kwenye Meli ya Watalii

Wiki iliyopita mama mmoja wa Maweni alinijia na karatasi mkononi. Yeye na mumewe wanatimiza miaka 30 ya ndoa, na watoto wao wawili wamechanga wakawakatia tiketi za meli ya watalii inayong'oa nanga Barcelona. Wanasafiri wote wanne. Kwenye karatasi ile alikuwa ameorodhesha chupa sita za mvinyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa huko melini vinywaji ni ghali hasa. Bora nijibebee vyangu."

Nikamkaribisha barazani, nikatia chai, tukaanza kuipunguza orodha ile.

Nimehudumia mvinyo kwenye meli za watalii kwa miaka tisa. Kazi yenyewe niliianzia hapa hapa Malindi, kwenye mkahawa wa Kiitaliano, ambako mwenye mkahawa alinifundisha kuchunguza kizibo kabla hajaniruhusu kubeba sinia. Sasa nimerudi nyumbani, na swali la kujibebea mvinyo ndilo naulizwa mara nyingi kuliko yote. Wengi hudhani ni jambo la ndiyo au la. Sivyo.

Kila kampuni ina sheria yake, na tofauti ni kubwa. Royal Caribbean humruhusu kila abiria aliyefikia umri wa kunywa kupanda na chupa moja ya mililita 750 siku ya kuanza safari. Carnival ni hivyo hivyo, chupa moja kwa mtu mzima, tena iwe kwenye mzigo wa mkononi. Norwegian wao hawakuhesabii chupa, lakini kila chupa unailipia ada, hata kama utaifungua chumbani mwako. Disney huruhusu chupa mbili kwa mtu mzima, na unaweza kupanda nazo upya kila bandari mnayotia nanga. Halafu kuna MSC Cruises, ambayo meli yake huchukua abiria Durban katika miezi ya joto ya kusini: hao hawataki upande na kinywaji chako kabisa. Kwa hiyo mtu akiniuliza "naruhusiwa chupa ngapi?", mimi kwanza namwuliza ni meli ya nani. Na sheria hizi hubadilika, basi isome ile ya tiketi yako tena wiki ya mwisho kabla ya kuondoka.

Umri nao una mambo yake. Kijana wa yule mama ana miaka 19. Kwa safari inayoanzia Ulaya anahesabiwa mtu mzima, maana huko, kwa kampuni nyingi, umri wa kunywa melini ni 18. Lau wangepandia Miami, ambako umri ni 21, chupa yake ingezuiwa pale pale kwenye ukaguzi.

Na ruhusa ikitajwa ni ya mvinyo, ujue ni mvinyo na shampeni tu. Wiski, konyagi, jini, vyote havimo. Mvinyo wa boksi, ule wa lita tano tunaoupenda kwenye sherehe zetu, haumo. Chupa iliyokwisha kufunguliwa haimo. Mnazi ndio kabisa usijaribu, na hapa sisemi kwa sababu ya sheria peke yake. Mnazi uliogemwa alfajiri ni mtamu, jioni umekuwa mkali, kwa kuwa hamira yake haipumziki hata dakika. Ukiufungia ndani ya chupa ya soda, hewa inajaa mpaka chupa inapasuka, na itapasukia ndani ya sanduku lenye nguo zako za harusi.

Watu huniuliza kwa nini kampuni zinabana hivi. Sababu ya kwanza ni pesa. Baa ni sehemu kubwa ya mapato ya meli baada ya tiketi kulipwa, na chupa ya mvinyo mezani huweza kufika mara mbili au tatu ya bei ya dukani. Hilo si siri. Lakini sababu ya pili nimeiona kwa macho yangu na naiheshimu. Mhudumu wa baa anamwona mteja wake. Akizidi, anamwekea glasi ya maji na kuacha kummiminia. Anayekunywa peke yake chumbani, mwenye baraza linalotazama bahari na kizuizi kinachomfika kifuani, hana wa kumwambia basi.

Ndiyo maana ujanja wa kuficha hukaguliwa vikali. Nimewahi kusimama karibu na meza ya ukaguzi wakati mlinzi akishika chupa ya maji ya kawaida kabisa. Hakuinusa. Alikizungusha kifuniko kidogo kwa kidole gumba na kuitazama ile pete ya plastiki ya chini yake: ilikuwa imeshakatika. Ndani mlikuwa na jini. Wengine hutia vodka yenye rangi ndani ya chupa ya dawa ya kusukutulia. Matokeo yake tunayalipa sote. Tangu mwaka 2015 Carnival imekataza abiria kupanda hata na maji ya chupa, na Norwegian ilifanya vivyo hivyo mwaka huo huo. Kwa hiyo wewe usiyekunywa, na hapa mjini mko wengi, jambo hili linakugusa pia. Mwenye nia ya kubeba maji ya zamzam aiandikie kampuni mapema.

Sasa hesabu. Ukiipeleka chupa yako mezani kwenye mkahawa wa meli, unatozwa ada ya kufunguliwa chupa, na kwa kampuni nyingi huanzia kama dola 15. Chupa uliyonunua dola 8 imekuwa ya dola 23. Umeibeba kutoka Malindi, umeilinda viwanja vya ndege vitatu, na hukuokoa kitu cha maana. Ndipo ninapowaambia watu: ikiwa unapewa nafasi ya chupa moja, isiwe chupa ya kubana matumizi. Iwe chupa ambayo meli haina na haiwezi kukuuzia.

Mama wa Maweni alinyamaza kidogo niliposema hivyo. Kisha akaniambia kwamba binti yake ameolewa Dodoma, na kabatini mwake yeye mama ana chupa aliyopewa na wakwe wa binti siku ya mahari, mvinyo mwekundu wa zabibu za Makutupora. Nilifurahi sana. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa hawezi hata akitaka, na katika miaka yangu yote tisa melini sikuwahi kuuona mvinyo huo kwenye orodha hata moja. Tukafuta zile sita, tukaandika moja.

Lakini nilimwomba ailete niione kwanza, kwa sababu ya joto. Hili ndilo watu wa pwani tunalolisahau. Mwaka wangu wa kwanza melini nilipewa zawadi ya chupa nzuri hapa Malindi, nikaitia kwenye buti la gari kwenda Mombasa. Ilikuwa Februari, kaskazi imekolea, na Mtwapa tulikwama kwenye foleni jua likiwa utosini. Nilipoitoa, kizibo kilikuwa kimepanda na kuisukuma karatasi ya juu, na mchirizi wenye kunata ulikuwa umeshuka shingoni mwa chupa. Nilipoionja, ladha ya matunda ilikuwa imekwisha. Palibaki kitu kama zabibu kavu zilizochemshwa. Mvinyo ulikuwa umepikwa, na hakuna barafu ya kuurudisha.

Kwa hiyo chupa yako isikae juu ya kabati wala karibu na dirisha. Ilaze sehemu ya chini iliyo baridi kuliko zote nyumbani. Siku ya safari iwe nawe ndani ya gari, si kwenye buti. Kwenye ndege haiingii mkobani, maana kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti ukaguzi, basi itakwenda kwenye sanduku. Sheria za usafiri wa anga hazina shida na mvinyo kwenye sanduku, kwa kuwa kinywaji kisichozidi asilimia 24 ya alkoholi hakiwekewi kikomo. Ifunge kwa leso mbili: ya kwanza izungushe shingoni, kwani hapo ndipo chupa huvunjikia, ya pili mwili mzima, kisha uilaze katikati ya nguo, mbali na magurudumu. Ukifika bandarini itoe sandukuni, uishike mkononi. Sanduku lenye chupa likionekana kwenye mashine huzuiwa, na unaweza kukaa mpaka usiku bila nguo ya kubadilisha.

Usibebe kizibuo chenye kisu. Mwombe mhudumu wa chumba, atakufungulia.

Mezani, mpe mhudumu chupa kabla hujakaa na umweleze ni ya nini. Atabandika namba ya chumba chako juu yake. Msipoimaliza ataiziba na kuitunza, na kesho jioni itakuwa mezani kwenu. Mmiminie naye kidogo aionje, akiruhusiwa. Sisi wa kazi hiyo tunaikumbuka chupa kama hiyo kwa miaka.

Chupa mnazonunua bandarini njiani kwa kawaida huchukuliwa mlangoni, mkapewa risiti, na hurudishwa mwisho wa safari.

Mama aliileta chupa yake juzi, imefungwa kwa leso. Niliinua karatasi kidogo nikapapasa kwa kidole: kizibo kiko sawasawa na mdomo wa chupa, shingo kavu. Itafika.