Kujaribu kisakinishi cha Linux: maana yake, na pale kadi ya picha inapovuruga hesabu

Kujaribu kisakinishi ni kuipitisha distro, yaani toleo moja kati ya mengi ya mfumo wa kompyuta wa Linux, katika njia yote atakayoipita mtumiaji wa kawaida, tangu flashi inapochomekwa mpaka mashine inapowaka kutoka kwenye diski yake yenyewe, huku ukitazama inakwama wapi. Anayejaribu hana haraka ya kumaliza. Kazi yake ni kutafuta pa kukwama, na akipaona, anapaandika vizuri kiasi kwamba mtu aliye Ujerumani au Brazil ataweza kukwama palepale. Hapo ndipo anapotofautiana na fundi wa mjini anayekupigia Linux asubuhi ili uje kuchukua laptopu yako jioni: fundi akikwama anazunguka, na njia aliyozungukia hubaki kichwani mwake.

Kisakinishi chenyewe ni programu inayogawa diski, kunakili mfumo, kuweka kipakiaji cha kuwashia mashine na kufungua akaunti ya mtumiaji. Fedora hutumia Anaconda, Debian na Ubuntu kila moja ina chake, na distro nyingi ndogo huazima Calamares. Kwa miaka mingi sehemu iliyotisha watu ilikuwa kugawa diski. Siku hizi sehemu hiyo imetulia, na matatizo mengi ninayoyaona hutoka kwenye kadi ya picha, ambayo kisakinishi chenyewe hakiigusi sana.

Hapa Arusha jambo hili limepata uzito tangu Microsoft ilipofunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Laptopu nyingi za used zinazouzwa mjini ni Latitude, EliteBook na ThinkPad za kabla ya hapo. Mashine ni nzima kabisa, kioo kizuri, kibodi imara kuliko za dukani, ila Windows mpya haizitaki. Kwa hiyo Linux. Na baadhi ya mashine hizo, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wachoraji wa majengo na wahandisi, zina kadi mbili za picha: ya Intel iliyo ndani ya prosesa, na ya Nvidia pembeni yake.

Mtu anayeanza hufungua VirtualBox, anasakinisha ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, anaona kila kitu kimekwenda sawa, kisha anatangaza kuwa distro ni nzuri. Jaribio hilo lina faida yake. Linaonyesha kama kisakinishi kinagawa diski vizuri, kama lugha na saa za Dar es Salaam zinakubali, kama akaunti inafunguka. Hata wakubwa hufanya hivyo kwa wingi: SUSE walitengeneza openQA, na Fedora nao wanaitumia, mfumo unaobofya vitufe vya kisakinishi wenyewe na kulinganisha kila skrini na picha ya jinsi inavyopaswa kuonekana. Lakini kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanyika ndani ya mashine pepe, na mashine pepe ina kadi ya picha ya kubuni, ileile kwa kila mtu. Kuhusu Quadro ya zamani, kadi ya Nvidia ya wahandisi, iliyo ndani ya laptopu yako, jaribio hilo halisemi lolote. Ni kununua kiatu soko la Kilombero kwa kukipima kwenye mguu wa muuzaji.

Hatua ya pili ni kuwasha mashine halisi kwa flashi bila kusakinisha. Knoppix ndiyo iliyoizoesha dunia mtindo huu kuanzia mwaka 2000, na Ubuntu 6.06 ya mwaka 2006 ikaweka mfumo wa kuonja na kisakinishi chenye madirisha kwenye diski moja. Hapa unapima waifai, sauti, tachipadi, mwanga wa kioo. Usidharau mwanga wa kioo. Kitufe cha kupunguza mwanga kikikataa, mara nyingi ni dalili ya kwanza kwamba draiva ya picha, programu inayoendesha kadi, haikupakiwa sawasawa.

Kerneli, yaani kiini cha Linux, inapowaka huitambua kadi kwa namba zake na kuipa draiva: i915 kwa Intel za kawaida, amdgpu kwa AMD za miaka ya karibuni, na nouveau kwa Nvidia. Nouveau iliandikwa na watu wa nje kwa kuchunguza jinsi kadi zinavyofanya kazi, bila vitabu vya kampuni, na iliingia rasmi kwenye kerneli mwaka 2010. Draiva ikishapakiwa, kerneli ndiyo inayopanga ukubwa wa skrini. Ikitokea draiva na kadi havikuelewana, kioo kinakuwa cheusi pale pale, wakati feni inazunguka na taa ya diski inapepesa.

Wengi hapo husema flashi ni mbovu. Kabla ya kukubali, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ikitokea mistari ya kuomba jina na nywila, mfumo uko hai, kilichokufa ni picha peke yake. Zima, washa tena, na kwenye orodha ya GRUB, kipakiaji kinachotokea mwanzo kabisa, chagua mstari wa "safe graphics" kama upo. Kama haupo, simamisha kishale kwenye mstari wa kwanza, bonyeza herufi e, teremka mpaka mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, karibu na "quiet splash", acha nafasi, andika nomodeset, kisha F10. Neno hilo linaiambia kerneli isipange skrini kwa draiva ya kadi, itumie njia ya kawaida iliyoachwa na UEFI, programu ya mashine inayowaka kabla ya Linux. Dawati linatokea. Kubwa kubwa, pengine lenye ukungu, lakini linatokea.

Na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wengi. Nomodeset ni ya kuvukia tu. Ukisakinisha nayo na kuiacha, mteja anapewa mashine ambayo picha zake zote zinachorwa na prosesa kwa kutumia llvmpipe, programu ya kuchora isiyoigusa kadi. Video ya YouTube inaipandisha feni juu, betri inaisha mapema, mwanga haupungui, na skrini ya pili haipatikani. Amri moja inatosha kuithibitisha: andika glxinfo -B kwenye teminali, baada ya kusakinisha kifurushi cha mesa-utils, na tazama mstari wa renderer. Ukiona llvmpipe badala ya jina la kadi, kazi haijaisha.

Skrini ya pili ina umuhimu wake katika mji huu wa mikutano. Kwenye laptopu nyingi zenye kadi mbili, kioo cha ndani kimefungwa kwenye Intel, ila tundu la HDMI limefungwa moja kwa moja kwenye Nvidia. Mtu anatumia mashine wiki nzima ofisini kwake Njiro bila tatizo. Anafika ukumbini AICC, anachomeka projekta, ukuta unabaki mtupu. Mashine haijaharibika, ni kwamba kadi ya pili haikuwahi kuamshwa. Ndiyo maana mjaribu makini huchomeka waya wa HDMI kwenye televisheni yoyote iliyo karibu, hata kama mwenye mashine hajasema ana projekta.

Kwa Nvidia kuna njia ya pili, draiva ya kampuni yenyewe, ambayo kwa muda mrefu msimbo wake ulikuwa umefungwa. Ugomvi wake na watu wa Linux unajulikana: mwaka 2012, kwenye mazungumzo pale Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, Linus Torvalds aliwaonyesha kidole cha kati mbele ya kamera. Mwaka 2022 kampuni ilifungua msimbo wa moduli zake za kerneli, yaani vipande vya draiva vinavyopakiwa ndani ya kerneli, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing na zilizofuata tu. Laptopu nyingi za used mjini ni za kabla ya Turing. Kadi za kizazi cha Kepler ziliishia kwenye tawi la 470 la draiva, yaani mfululizo wa matoleo wenye namba hiyo, na za Fermi kwenye 390. Ukiweka tawi jipya kuliko kadi yako, draiva haitaiona. Wala nouveau si mkombozi kwa kila mtu: kuanzia kizazi cha GTX 900, Nvidia walitaka fimuwea, programu inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe, iwe na saini yao, na kwa kadi za kizazi hicho na kilichofuata, kabla ya Turing, nouveau haiwezi kupandisha kasi ya kadi. Picha inatokea, ila kadi inatembea polepole kama iliyosinzia.

Kwenye Ubuntu, ubuntu-drivers devices inakutajia tawi linalofaa, na ubuntu-drivers install inaliweka. Tangu toleo la 19.10, draiva za Nvidia zimo ndani ya faili la ISO, lile linaloandikwa kwenye flashi, kwa hiyo haulazimiki kuwa na bando kubwa ili kuzipata. Jaribu kusakinisha intaneti ikiwa imezimwa kabisa. Hilo ni jaribio halali, na huku kwetu ni la lazima.

Kisha kuna Secure Boot, ulinzi wa UEFI wakati wa kuwasha, ambayo huzuia kerneli kupakia moduli isiyo na saini inayotambulika. Ubuntu ina moduli za Nvidia zilizokwisha kusainiwa, lakini moduli ikitengenezwa ndani ya mashine yako kwa DKMS, zana inayoitengeneza upya kwa kila kerneli, inasainiwa kwa ufunguo wako mwenyewe, na ufunguo huo lazima uandikishwe. Unatunga nywila wakati wa kusakinisha. Mashine ikiwaka upya inatokea skrini ya bluu yenye maandishi ya Kiingereza inayokupa sekunde kumi kubonyeza kitufe chochote. Ukibonyeza, unachagua kuandikisha ufunguo, unaandika ile nywila, unaendelea. Ukipitwa, mashine inaendelea kuwaka kana kwamba hakuna lililotokea, na draiva haipakiwi. Nimeona mtu akienda kuchukua chai wakati huo huo, kisha akirudi na kulaumu distro. Kwa haki kabisa, sehemu ya lawama ni ya distro: kisakinishi kilipaswa kumwonya mapema kwamba skrini hiyo inakuja, na kutoonywa huko nako ni kasoro ya kuandikwa.

Jaribio halijaisha pale dawati linapotokea mara ya kwanza. Sasisha mfumo mpaka kerneli mpya iingie, kisha washa upya. DKMS inapaswa kuitengeneza draiva upya kwa kerneli hiyo, na matawi ya zamani mara nyingi hushindwa kwa sababu kerneli imebadilika nayo hayafuatiliwi tena. Funga kifuniko cha laptopu, subiri kidogo, fungua: kioo kikirudi cheusi, ni draiva ya picha tena.

Upande wa diski nitaupita haraka. Kama kisakinishi hakioni diski kabisa, angalia kwenye mipangilio ya UEFI kama hifadhi iko kwenye hali ya RST ya Intel badala ya AHCI, hali ya kawaida. Kama Windows itabaki pembeni, tafuta kwanza ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows ya diski. Na usianze kugawa diski kwa mashine yenye betri iliyokufa siku umeme unakatika katika.

Kabla ya yote hayo, pima faili la ISO kwa sha256sum, amri inayotoa namba ya kutambulisha faili, na ulinganishe na namba iliyotolewa na distro. Ubuntu 24.04 inakaribia gigabaiti 6. Ikipakuliwa kwa simu na mtandao ukikatika katikati, faili linaweza kuharibika na kukupa makosa ambayo hayapo kwa mtu mwingine yeyote. Ukijaribu matoleo ya kila siku, tumia zsync, ambayo hushusha sehemu zilizobadilika tu.

Ripoti yenyewe iwe na vitu vinavyoweza kukaguliwa: modeli kamili ya laptopu, toleo na tarehe ya ISO, Secure Boot ilikuwa imewashwa au la, ulichobonyeza kwa mpangilio, ulichotarajia, kilichotokea. Ambatanisha majibu ya lspci -nnk, yanayoonyesha kadi na draiva iliyoishika, na ya journalctl -k -b -1, ambayo ni kumbukumbu za kerneli za mara iliyotangulia, ile iliyoishia kwenye kioo cheusi. "Linux haiwaki kwenye HP yangu" haimsaidii mtu. Namba za kadi pamoja na mstari mmoja wa kosa la nouveau humfikisha msanidi kwenye faili husika, na jibu lake la kwanza huwa ombi la kujaribu ISO ya wiki inayofuata kwenye mashine ileile, kwa hiyo usimkabidhi mteja laptopu mpaka uwe umeipata.