Kwa nini 6/8 si sawa na 3/4

Tangu nianze kufundisha kwaya hapa Kisumu, sijaulizwa swali kuhusu nota za mistari mitano mara nyingi kuliko lile la tarakimu mbili zinazopandana mwanzoni mwa wimbo. Juzi mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu, aliyelelewa na solfa (uandishi wa nyimbo kwa do, re, mi) tangu utotoni, aliweka kidole kwenye 6/8 akaniuliza, "Mwalimu, hapa tunahesabu sita au nane?" Nilipomjibu kwamba tunahesabu mbili, alinitazama kana kwamba namtania.

Swali lake lina chanzo. Solfa, ambayo John Curwen aliieneza Uingereza katika karne ya 19 kabla ya wamisionari kuileta huku kwetu, huandika pigo lenyewe: nukta pacha hutenga pigo na pigo, mstari wima hutenga kipimo, yaani kundi moja la mapigo, na kipimo kingine, na msomaji huona kwa macho yake mapigo ni mangapi. Kwa hiyo aliyezoea solfa huielewa upesi tarakimu ya juu, lakini ile ya chini humpiga chenga, kwa sababu haihesabu chochote. Inataja tu aina ya nota ambayo itatumika kuhesabia. Mbili ni nusu, nne ni robo, ambayo wenzangu wengi huiita krocheti, na nane ni thumuni. (Thumuni hii ni sehemu ya nane ya nota nzima, waliokulia enzi za sarafu ya senti hamsini waiweke kando kwanza ile sumuni yao, ambayo ni nusu ya shilingi.)

Hadi hapo mambo ni mepesi. Hesabu ya darasani ndiyo inayotuponza, kwani mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi ataifupisha 6/8 na kupata 3/4, na kweli vipimo vyote viwili hubeba thumuni sita. Kinachotofautiana ni mahali uzito unapoangukia. Katika 3/4 thumuni hizo hupangwa mbili mbili, nasi hutamka *moja*-na, *mbili*-na, *tatu*-na. Katika 6/8 hupangwa tatu tatu: *moja*-mbili-tatu, *nne*-tano-sita. Mapigo makubwa yanakuwa mawili, na kila pigo ni robo yenye nukta, yaani robo iliyoongezewa nusu yake, sawa na thumuni tatu. Jaribu kupiga meza kwa kiganja penye uzito tu, huku mdomo ukihesabu thumuni zote kwa mwendo uleule, na utasikia mkono ukibadilisha tabia ilhali mdomo haujabadilisha kitu.

Mfano ninaoutumia zaidi ni "Usiku Mtakatifu", ambao Franz Xaver Gruber aliutungia sauti huko Austria mwaka 1818, naye mwenyewe aliuandika kwa 6/8. Mwanzo wake kwa solfa ni | s :- .l :s | m :- :- |, ambapo mstari wa katikati hutenga tu mapigo makubwa mawili ya kipimo kimoja, yaani pigo kubwa la kwanza linabeba so, la, so, na la pili linakaa kwenye mi hadi mwisho. Ukiongoza kwa mikono sita, kila thumuni ikipata mkono wake, wimbo wa kubembeleza mtoto unageuka kuwa gwaride. Nimelifanya kosa hilo hadharani, katika shindano moja la kwaya, na jaji aliandika kwenye karatasi yangu kwamba wimbo ulikuwa "umekatwakatwa". Aliniudhi, ila alisema kweli.

Alama hii ya tarakimu mbili haielezi mwendo, na wanaodhani 6/8 lazima iende mbio wamekosea; mwendo huandikwa kando. Ile C inayotumika mahali pa 4/4 nayo si herufi ya neno lolote, ni nusu duara iliyobaki kutoka uandishi wa Ulaya ya kale, ambamo duara kamili lilimaanisha mgawanyo wa tatu.

Ugumu wa kweli huanza tunapoandika nyimbo zetu wenyewe. Isukuti, dansi ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Nilipojaribu kuandika wimbo mmoja wa aina hiyo, mkono wangu mmoja ulitaka mbili na mwingine ukataka tatu ndani ya thumuni zilezile sita. Niliandika 6/8 kwa kuwa miguu ya wachezaji ilikanyaga mara mbili, na bado naona huo ndio ushahidi bora kuliko makofi ya watazamaji.

Kisha yapo maneno. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo la kwanza baada ya mstari wima ndilo zito kuliko yote. Mtunzi akianza kipimo kwa neno "Nakuru", kwaya itaimba *Na*kuru, jina ambalo hakuna mkazi wa mji huo atakayelitambua. Dawa ni kuitanguliza "Na" kabla ya mstari ili "ku" ipokee uzito. Kwa "Kakamega" nota mbili hutangulia, "me" hukaa kwenye moja, na kipimo cha mwisho wa wimbo hupunguzwa urefu wa zile nota mbili zilizokwisha kutumika mwanzoni.